Shogi Juu ya Pikipiki

Mwaka 2004 waigizaji wawili, Ewan McGregor na Charley Boorman, waliondoka London kwa pikipiki kuelekea New York wakipitia Ulaya, Kazakhstan, Mongolia na Siberia. Safari yao ikawa kipindi cha televisheni, Long Way Round. Watu wengi ambao hawajawahi kula vumbi la barabara ya changarawe waliingiwa na hamu ya kumiliki BMW kubwa yenye masanduku mawili ya alumini ubavuni. Yaliyowapata Mongolia hayakuvutia wanunuzi kiasi hicho. Barabara ilipogeuka mashimo na matope, chuma kilianza kusalimu amri, na mafundi wa huko wakaitwa kuchomelea fremu. Claudio von Planta, mpigapicha aliyefuatana nao, ilibidi aiache BMW yake na kuendelea na Izh, pikipiki ya Kirusi ya kawaida kabisa.

Masanduku peke yake hayastahili lawama yote. Kulikuwa na kamera, vipuri, mahema na mafuta. Hata hivyo, swali ambalo wasafiri wa pikipiki walikuwa wakibishania kwa miaka sasa lilikuwa na picha zake: mzigo wa safari ndefu uwekwe kwenye sanduku la chuma au kwenye mfuko wa kitambaa? Soko la mifuko limekua tangu hapo, na limekuja na msamiati wake. Katika msamiati huo kuna neno moja la Kiingereza, soft, linalomsumbua kila mfasiri anayeandika tangazo au mwongozo wa bidhaa hizi kwa Kiswahili. Waingereza huigawa mizigo ya pikipiki katika makundi mawili, migumu na laini, na wao wenyewe huelewana.

Kiswahili kikibebeshwa mgawanyo huo kama ulivyo, hakiendi mbali. Hariri ni laini, uji wa mtoto ni laini, na mwenye kibanda cha simu atakuuliza unataka laini ya kampuni gani. "Begi laini" kwa msomaji wa Mombasa au Mwanza ni begi lisilokwaruza mkono, pengine begi legelege la bei ya chee. Mfuko wenyewe unaosemwa hapa hauna ulaini wowote: mara nyingi ni kitambaa kizito kilichopakwa plastiki, kikavu na kigumu kama ngozi ya mamba, na kikianguka mguuni utajua kimeanguka. Tatizo lingine ni kwamba Kiswahili hakihitaji kivumishi hicho. Kitu kikiitwa sanduku, kila mtu anajua hakikunjiki. Kikiitwa mfuko, gunia, kiroba au shanta, ukunjikaji umo ndani ya jina. Mgawanyo uko tayari kwenye nomino, na anayeongeza "laini" anarudia kilichokwisha kusemwa, tena kwa neno lenye kazi nyingine.

Kanuni ambayo Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, na waundaji wengine wa istilahi wamekuwa wakiifuata ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu na nyingine za Kiafrika, ndipo kukopa kwingine. Safari hii utafutaji hauchukui muda. Neno lipo, nalo ni shogi.

Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 inalo, na kamusi zilizofuata zinalo. Shogi, kwa wingi mashogi, ni chombo cha kupakilia mzigo juu ya punda, kwa asili mfuko mkubwa uliosukwa kama mkeka, unaowekwa mgongoni pande zake mbili zikaning'inia ubavuni, moja kulia na moja kushoto. Lamu, mahali ambapo vichochoro vya mji wa kale havipitishi gari, punda bado wanabeba mchanga na mawe ya ujenzi, na kanuni ya upakiaji ni ileile: pande mbili zilingane, la sivyo mzigo wote unazunguka na kuishia chini ya tumbo la mnyama.

Kiingereza chenyewe kilipita njia hiyohiyo. Neno wanalolitumia kwa mfuko au sanduku la ubavuni mwa pikipiki, pannier, lilitoka Ufaransa, na asili yake ni Kilatini, kikapu cha mkate. Kikapu hicho kikapanda punda, kikahamia kwenye baiskeli, kikaishia kwenye injini, na hakuna aliyelalamika kwamba jina limechakaa. Waarabu wana khurj yao ya farasi na ngamia. Mswahili akilihamisha shogi kutoka kwa punda hadi kwenye pikipiki kama Tenere, hafanyi jambo la ajabu.

Faida ya neno hili ni kwamba linabeba maelezo ya kiufundi. Shogi la pikipiki, basi, ni mfuko wa kitambaa au plastiki wenye pande mbili, unaopita juu ya kiti au kufungwa ubavuni mwa gurudumu la nyuma, na unaoshika pikipiki kwa mikanda. Begi linalokaa juu ya tangi la mafuta si shogi, ni begi la tangi. Furushi refu linalolala juu ya keria nalo si shogi, kwa kuwa halina pande. Sanduku la alumini halitakuwa shogi hata likipakwa rangi ya ukindu.

Ndani ya kundi hili kuna aina tatu ambazo mnunuzi atakutana nazo. La kwanza ni shogi la kutupia: mifuko miwili iliyounganishwa kwa mikanda mipana, inatupwa juu ya kiti kama ilivyokuwa kwa punda. La pili ni shogi la fremu, ambalo kila upande wake unafungwa kwenye chuma kilichokazwa kwa bolti, na kwa kawaida huweza kuchopolewa upesi. La tatu halina fremu wala pande zilizotengana: ni mfuko mmoja uliopinda, unaozunguka nyuma ya kiti na kushuka ubavuni, na jina linaloufaa ni shogi la kukumbatia. Kampuni ya Giant Loop ya Oregon, Marekani, ilijipatia jina kwa umbo hilo. Mosko Moto ya jimbo la Washington nayo inatengeneza aina hiyo na ile ya fremu.

Hoja nzito kuliko zote kwa upande wa shogi ni mguu.

Mwendeshaji ameingia kwenye mchanga kwa mwendo wa taratibu. Gurudumu la mbele linayumba, na mguu unatoka kwenye kikanyagio bila hata kuamriwa, unatua chini ili kuzuia kuanguka. Pikipiki inaendelea mbele, mguu umekwama mchangani. Nyuma yake, sentimita chache tu, inakuja kona ya chini ya sanduku la alumini ikisukumwa na zaidi ya kilo 200. Kinachofuata ni kuvunjika kwa mfupa wa muundi, na wasafiri wa jangwani wanaijua ajali hii vizuri. Shogi likigonga mguu huohuo litauumiza, pengine litauchubua, lakini litabonyea na kuupisha. Wapo wanaojibu kwamba sanduku huinua pikipiki iliyolala na kuuachia mguu nafasi chini yake. Ni kweli, hutokea. Ila kwa mwendo mdogo kwenye mchanga na matope, mahali ambapo watu huanguka mara nyingi zaidi, kona ile haina huruma.

Hoja ya pili ni uzito. Jozi ya masanduku ya alumini pamoja na fremu yake hupita kilo 15 kirahisi kabla hujatia hata soksi. Shogi la kukumbatia huwa na kilo chache tu. Tofauti hiyo iko juu na nyuma ya ekseli, mahali pabaya kuliko pote kwa pikipiki inayorukaruka.

Na barabara za kurukaruka si hadithi za Mongolia pekee. Kwa miaka mingi wasafiri waliotoka Cairo kwenda Cape Town walikuwa na kipande kimoja walichokiogopa: barabara ya Moyale hadi Isiolo, kama kilomita 500, kabla ya lami kukamilika katika muongo wa 2010. Changarawe yake ilikuwa na mawimbi madogo ya kukatisha njia, moja baada ya jingine, saa nzima, siku nzima. Mtikisiko wa namna hiyo hulegeza bolti na kuchosha metali. Alumini ina udhaifu wake hapo: hata mzigo mdogo ukirudiwa vya kutosha huifikisha kwenye ufa, na ufa huo haushoneki na mchomeleaji wa kijijini, kwani alumini hudai mashine na gesi ambazo karakana nyingi za njiani hazina. Waliofika Nairobi, kwenye kambi ya Jungle Junction inayojulikana sana na wasafiri wa mabara, walikuta karakana, na karakana hiyo haikukosa wateja. Shogi lililochanika, kwa upande wake, linahitaji sindano nene, uzi wa nailoni na fundi viatu, na hakuna kituo cha mabasi Afrika Mashariki kisicho na fundi viatu.

Sanduku lina sifa zake, na ni ubishi mtupu kuzikana. Linafungwa kwa ufunguo. Linakaliwa kama kiti wakati wa kupika. Mtu anayesafiri kwa lami kutoka Dar es Salaam hadi Lusaka, analala hotelini, na pikipiki yake ina nguvu za kutosha, hana sababu kubwa ya kulikimbia. Shogi ni la anayetarajia kuanguka.

Akishaamua, mnunuzi anakutana na namba. Kitambaa cha mashogi huuzwa kwa kipimo cha denia: uzito, kwa gramu, wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Uzi wa denia 1,000, basi, ukinyooshwa kilomita tisa una uzito wa kilo moja. Jina hilo ni la sarafu ndogo ya zamani ya Ufaransa, na Kilatini chake ndicho kilichozaa pia dinari, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anakutana na jamaa yake wa mbali. Denia kubwa ni uzi mnene zaidi. Haimaanishi moja kwa moja kitambaa imara zaidi. Nailoni ya denia 500 iliyofumwa vizuri inaweza kuishinda poliesta ovyo ya 1,000 kwa mikwaruzo. Wauzaji wa mtandaoni wanapenda kuandika namba peke yake, na anayenunua kwa namba peke yake amekwisha.

Juu ya uzi kuna mpako, na hapo ndipo maji yanapozuiwa. Hartmut Ortlieb, Mjerumani, alikuwa akisafiri kwa baiskeli kusini mwa Uingereza mvua ikamlowesha na mizigo yake. Akaangalia malori yaliyokuwa yakimpita na kuona turubai zao zimelinda shehena yote. Akarudi nyumbani akatengeneza mifuko kwa turubai la lori, na mwaka 1982 ikawa kampuni yenye jina lake. Kila utingo wa Tunduma au Mariakani angemwambia hivyo bure. Turubai hilo ni poliesta iliyopakwa PVC, nayo bado ni moja ya vitambaa vinavyotegemewa sana. Mpako wa plastiki ya TPU ni ghali zaidi, mwepesi zaidi, na hauwi mgumu upesi kwenye baridi.

Mshono ni habari nyingine. Kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Mifuko isiyopitisha maji kabisa haishonwi. Kingo zake huunganishwa kwa joto, mara nyingi kwa mawimbi ya masafa ya juu yanayoyeyusha plastiki mbili zikawa moja. Ubaya wake huonekana njiani: mfuko wa aina hiyo ukitoboka, fundi viatu akiushona anaongeza matundu, na gundi ya pancha ya tyubu haishiki PVC vizuri. Watengenezaji wengine wamechagua njia ya kati ambayo kwa safari za huku inaelekea kuwa ya busara zaidi. Ganda la nje linashonwa kwa kitambaa kigumu, halihangaiki na maji. Ndani yake unaingia mfuko mwingine mwepesi usiopitisha maji. Ganda linapigwa na mawe, mfuko wa ndani unalinda nguo. Jioni unauchomoa wa ndani, unaingia nao chumbani, na matope yote yanabaki nje na pikipiki.

Wasafiri wa Ulaya wenye kubana matumizi hutumia mifuko ya taka ya plastiki badala ya ule wa ndani. Watahadhari. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017, Tanzania Bara Juni 2019, na mgeni anaweza kutakiwa kuiacha mpakani.

Mdomo wa shogi zuri hauna zipu. Zipu na vumbi haviishi pamoja muda mrefu. Mdomo hukunjwa: kwanza kandamiza mfuko kwa goti hewa itoke, kutanisha kingo mbili zinyooke, zikunje kuelekea nje mara tatu au zaidi, kisha pinda ncha na ufunge bizimu. Mikunjo mitatu ndiyo inayozuia maji. Bizimu kazi yake ni kuzuia mikunjo isifunguke. Anayejaza mfuko hadi ukabaki mkunjo mmoja hana tena mfuko wa mvua. Ndiyo maana lita zilizoandikwa kwenye lebo zipunguzwe kichwani kabla ya kununua. Kwa mtu mmoja mwenye hema jepesi, jumla ya lita 50 hadi 60 inatosha safari ya wiki nyingi, na anayenunua lita 100 atazijaza tu, kwani nafasi tupu huwashawishi watu kubeba sufuria ya pili.

Kinachoua mashogi mengi mapya hata hivyo ni bomba la moshi. Nailoni inayotumika sana huyeyuka karibu na nyuzi 260 za Selsiasi, na PVC hulegea mapema sana kabla ya hapo. Silensa ya pikipiki iliyopanda mlima na mzigo inaweza kulifikia joto hilo. Pikipiki nyingi za njia mbovu zina silensa iliyoinuka upande mmoja, kwa hiyo upande huo wa shogi lazima ukae juu zaidi au mbali zaidi. Mfuko unaokaa sawa pikipiki ikiwa imesimama gereji unaweza kugusa chuma pale springi za nyuma zinapobonyea kwenye shimo. Kinga ni bati la kuzuia joto lenye nafasi ya hewa kati yake na silensa. Bati lililobanwa moja kwa moja juu ya silensa huwa silensa ya pili.

Kuhusu mikanda, waendesha bodaboda hawana la kujifunza kutoka Ulaya. Ukanda uliokatwa kwenye tyubu kuukuu hushika bila kuteleza, hunyumbuka na mzigo, na ukikatika unapatikana kwenye kila kibanda cha pancha. Hupasuka kwa jua, basi hubadilishwa. Kamba za mpira zenye ndoano za chuma ni za kuepukwa: ndoano ikichomoka hurudi kwa nguvu, na iko usawa wa macho ya anayefunga. Ncha za mikanda zinazopepea zikunjwe na kufungwa, kwa maana zinajua njia ya kwenda kwenye mnyororo.

Wezi wanabaki. Kisu hukata kitambaa chochote kwa muda mfupi, ingawa yapo mashogi yenye tabaka la ndani la nyuzi zisizokatika upesi. Moja lililojulikana kwa hilo lilipewa jina la Magadan, bandari ya mashariki ya mbali ya Urusi ambako huishia barabara ya Kolyma, iliyojengwa na wafungwa wa enzi ya Stalin. Wasafiri wengi hawategemei kitambaa wala kufuli: pasipoti, fedha na kamera hukaa kwenye begi la tangi linaloshuka na mwenyewe kila anaposhuka.

Bidhaa za kampuni hizi za nje zikifika Afrika Mashariki, bei yake pamoja na ushuru huweza kukaribia ya pikipiki ya Boxer iliyotumika. Lakini mafundi wa kushona maturubai ya malori na kava za siti wapo Gikomba, Kariakoo na Kisenyi, wana cherehani nzito, na kazi hii haiwashindi. Vipimo vya kuwapelekea ni vinne: upana wa kiti pale mikanda itakapopita, urefu kutoka ukingo wa kiti hadi kiganja kimoja juu ya silensa (kila upande upimwe peke yake, kwa kuwa pande hazilingani), umbali kutoka kisigino cha mwendeshaji hadi mbele ya mfuko, akiwa amekaa na akiwa amesimama juu ya vikanyagio, na nafasi kati ya mfuko na tairi, ikipimwa watu wawili wakiwa wameikalia pikipiki. Fundi aombwe asishone mikanda kwenye ukingo wa kitambaa. Aipitishe chini ya mfuko mzima, aizungushe, halafu aishone kwa mshono wa mraba wenye msalaba katikati, kwani mahali pa kwanza shogi linapochanika ni pale mkanda unapoanzia.